"Rudi kesho" haina muhuri: niliyowaambia vijana wa Kibera na Kawangware kuhusu kazi ya wakili



Haya ni maneno niliyozungumza na vijana Makina, Kibera, kisha nikayarudia Kawangware juma lililofuata. Wengi mliokosa nafasi mmeniandikia mkitaka niyaweke hapa. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, kwa hivyo mnisamehe pale ninapozunguka.

Niliombwa nieleze kazi yangu. Mimi ni wakili wa sheria ya umma na sheria ya ushindani. Najua jina hilo halimpeleki mtu mbio. Ukiwa kwenye matatu ya Kawangware na jirani yako akajua wewe ni wakili, swali la kwanza ni kama unatoa watu ndani. Ukisema hapana, la pili ni mashamba. Ukisema hata mashamba siyo, anarudi kwenye simu yake. Mama yangu mwenyewe alikaa miaka mingi akiwaambia majirani kwamba mtoto wake "anafanya mambo ya korti", basi.

Wacha nianze na kitu unachokijua. Umeenda ofisi ya kipande. Umebeba cheti cha kuzaliwa, kopi ya kipande cha baba, kopi ya kipande cha mama, barua ya chifu. Umepanga foleni tangu asubuhi. Karani anaangalia jina lako, anakuangalia uso, anakwambia: "Hii bado. Rudi kesho." Kesho unarudi, unaambiwa leta kipande cha babu. Babu alishafariki. Rudi kesho.

Sasa hebu jiulize, hapo umenyimwa kipande? Karani atasema hapana, hajakunyima. Hajaandika popote kwamba umekataliwa. Hakuna barua, hakuna muhuri, hakuna sababu. Na kitu ambacho hakijaandikwa ni kigumu sana kukikatia rufaa. Katika miaka yangu ya kazi nimekutana na sheria mbaya na maofisa wabaya, lakini sijaona silaha kali kama maneno hayo mawili. Yanamaliza ujana wa mtu bila kuacha alama.

Kazi yangu yote, ukiitoa maneno makubwa, ni kumlazimisha mwenye nguvu aandike sababu zake. Akiwa na nguvu za serikali, hiyo tunaita sheria ya umma. Akiwa na nguvu za soko, hiyo ni sheria ya ushindani. Ni hayo tu.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 47, inampa kila mtu haki ya kupata uamuzi wa ofisi ya umma kwa haraka, kwa njia halali na ya haki. Na inasema kama uamuzi huo umegusa haki yako, au unaelekea kuigusa, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa maandishi! Mwaka 2015 Bunge likapitisha sheria nzima ya kutekeleza kifungu hicho. Kwa hivyo ukiomba sababu kwa barua, humwombi karani msaada, unadai chako.

Vijana wa Makina hawahitaji kuelezwa hili kwa mifano ya mbali. Wanubi waliletwa hapa kama askari wa Waingereza, wakapewa msitu huu wakae. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi eneo la ekari 4,197. Hati ya ardhi waliyokuja kukabidhiwa Juni 2017 ilikuwa ya ekari 288. Lakini kabla ya ardhi kulikuwa na kipande, maana asiye na kipande hana pa kusimama hata kudai ardhi. Kijana wa Kinubi akifika miaka 18 alikuwa anapelekwa mbele ya kamati ya kumchunguza, aonyeshe karatasi za wazazi na za babu, huku mwenzake aliyesoma naye darasa moja Olympic, wa kabila lingine, akichukua kipande chake na kwenda zake.

Mwaka 2003 Wanubi walipeleka jambo hilo Mahakama Kuu. Zaidi ya miaka sita ikapita, kiini cha kesi hakijasikizwa. Nataka ulizingatie hilo. Hata korti inaweza kukwambia rudi kesho. Mawakili wao wakafanya jambo ambalo naliona mpaka leo kuwa la akili sana: hawakungoja. Walipeleka suala la watoto kwenye Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, na Machi 2011 Kamati ikaamua kwamba Kenya imevunja haki ya watoto hao ya kuwa na uraia na haki ya kutobaguliwa. Ulikuwa uamuzi wa kwanza kabisa wa Kamati hiyo, na ulihusu watoto wa hapa Kibera na Wanubi wenzao kote nchini. Tume ya Haki za Binadamu ya Afrika nayo ikaja kutoa uamuzi wake kuhusu jamii nzima, ukatangazwa 2015.

Halafu ikaja Huduma Namba. Mwishoni mwa 2018 Bunge lilibadilisha sheria ya usajili wa watu kupitia mswada ule wa marekebisho madogo madogo, na ndani yake kukawekwa nguvu ya kuchukua hata DNA ya mtu na mahali hasa anapoishi. Nubian Rights Forum, shirika lililoanzia hapa Kibera, likaenda kortini, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na Kenya Human Rights Commission wakaleta kesi zao pia. Hoja ya Wanubi ilikuwa nyepesi kuielewa: mkisema kila huduma ipitie namba hii, na sisi hata kipande mnatuzungusha, si mmetufungia nje kabisa? Mwanzo wa Aprili 2019 majaji watatu wakaagiza kwamba usajili usiwe wa lazima na mtu asinyimwe huduma kwa kukosa namba. Tarehe 30 Januari 2020 wakatoa hukumu: kuchukua DNA na kufuatilia mahali mtu alipo ni kinyume cha Katiba, na mpango wenyewe usiendelee mpaka kuwe na kanuni kamili za kulinda taarifa za watu. Mwaka uliofuata, Oktoba 2021, katika kesi ya Katiba Institute na Profesa Yash Pal Ghai, Mahakama Kuu ikasema kadi zenyewe zilitolewa bila kufanya kwanza tathmini ya hatari kwa taarifa hizo, kama sheria inavyotaka.

Nani alishinda? Wengine watasema hakuna, kwa sababu kijana bado anahangaika na kipande. Siwezi kubishana nao sana. Lakini serikali ilikalishwa chini ikaulizwa sababu, ikajibu kwa maandishi, na majibu yakapimwa. Ukiwa umezoea rudi kesho, hilo si jambo dogo.

Sasa mtu Kawangware akaniuliza, wakili, korti ni ya wenye pesa, au siyo? Nikamwambia soma Kifungu cha 22. Kinasema mtu anaweza kwenda kortini kudai haki zake za kikatiba kwa niaba yake, kwa niaba ya kundi lake, au kwa maslahi ya umma. Kinasema hakuna ada ya kuanzisha kesi kama hiyo. Na kanuni alizotoa Jaji Mkuu Willy Mutunga mwaka 2013 zinaruhusu korti kupokea hata barua ya kawaida kama ombi. Barua! Lakini nisikudanganye, barua inakufungulia mlango tu. Ukishaingia ndani unakutana na mawakili wa upande wa pili wamebeba mafaili kwa toroli.

Na kuna muda. Hapa niseme kosa langu, kwa sababu sitaki mfikiri makarani ndio peke yao wenye dhambi.

Nilikuwa mwaka wangu wa tatu kazini. Mama mmoja muuza nguo Kawangware alikuja kuniona. Ofisi moja ilikuwa imemfutia kibali cha kibanda chake, akapewa mtu mwingine. Alikuwa na karatasi yenyewe ya kufutiwa, yenye tarehe, kitu adimu. Siku hiyo nilikuwa na kesi ya kampuni iliyokuwa ikinilipa. Nikamwambia, mama, njoo Jumatatu. Jumatatu nikawa Mombasa. Akaja tena, nikamwambia niachie hizi karatasi nitakupigia simu. Nikaziweka kwenye droo. Nilipozitoa, miezi saba ilikuwa imepita tangu tarehe ya ile barua. Kuomba korti ifute uamuzi wa ofisi kwa njia niliyokusudia, muda wake ni miezi sita. Nilijaribu njia ya ombi la kikatiba, jaji akauliza mbona mmekaa hivi, na sikuwa na jibu ambalo lisingenitia aibu. Tulishindwa. Yule mama hakunigombeza. Aliniambia tu, "Wakili, na wewe uliniambia nirudi." Nimesimulia haya mara nyingi na bado hayajawa mepesi.

Tuje kwenye soko, maana hapo ndipo watu wanaposinzia na hapo ndipo pesa yako inapotokea.

Angalia vibanda vya M-Pesa kuanzia Congo mpaka stendi ya 56. Kabla ya 2014, wakala wa Safaricom alifungwa na mkataba asihudumie mtandao mwingine. Ukitaka kutoa pesa ya Airtel unatafuta kibanda kingine, na kibanda kingine hakipo. Airtel ililalamika kwa Mamlaka ya Ushindani, na Julai 2014 Safaricom ikaondoa sharti hilo. Wakala akawa huru. Kuwa mkubwa si kosa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakuhesabu mwenye nguvu ukishika nusu ya soko au zaidi, na hakuna anayekushtaki kwa hilo. Kosa ni kutumia ukubwa kufunga mlango ili mwingine asiingie. Kwa hivyo wakili wa ushindani anasoma mikataba kama fundi anavyoangalia bomba: inavuja wapi, imezibwa wapi, na nani ameziba.

Au chukua kesi ya Orchards, kampuni ndogo ya maziwa ya mtindi iliyokuwa ikiuzia Carrefour. Mwenye duka alikuwa anakata punguzo juu ya punguzo kwenye malipo, anataka bidhaa za bure akifungua tawi jipya, anarudisha mzigo, na anataka muuzaji alete wafanyakazi wake wapange rafu. Ungedhani hiyo ni biashara tu, kama hutaki toka. Mamlaka ikasema hapana, huo ni unyanyasaji wa mnunuzi mwenye nguvu, na Aprili 2021 Baraza la Ushindani likakubaliana nayo. Desemba 2023, kwa malalamiko ya wasambazaji wengine wawili, Mamlaka ikaitoza kampuni hiyo hiyo faini ya shilingi bilioni 1.1. Wewe unayepika siagi ya njugu au kuchanganya sabuni Gatina na unaota kuingia supamaketi, kesi hii ni yako. Orchards hawakufika huko kwa kulalamika mdomoni. Walikuwa na mkataba, ankara, na hesabu ya kila shilingi iliyokatwa.

Kuna na makateli. Agosti 2023 Mamlaka ilitoza kampuni tisa za chuma faini ya jumla ya shilingi milioni 338.8 kwa kupanga bei pamoja na kukubaliana kupunguza bidhaa. Ukijenga chumba kimoja cha mawe na ukashindwa na bei ya nondo, jua ulikuwa unawalipia watu waliokaa mezani wakakubaliana juu yako.

Kijana mmoja Kibera akanishika hapo hapo: na maji je? Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa. Mfereji wa jiji ukikauka, mtungi wa lita 20 unapanda bei kila kona siku moja, Lindi, Silanga, Laini Saba. Je, hao wameketi wakakubaliana? Inawezekana. Lakini bei kufanana peke yake si ushahidi wa mapatano. Maji yakipungua kila muuzaji atapandisha, hata kama hawajaongea. Unahitaji shahidi, ujumbe wa simu, daftari la mkutano. Tena nikamwambia, kabla hujamkimbilia muuza mtungi, uliza kwa nini mfereji umekauka. Kifungu cha 43 kinasema maji safi ya kutosha ni haki yako. Hapo sheria ya umma na ya ushindani zinakutana kwenye mtungi mmoja: kuna mwenye wajibu wa kuleta maji, na kuna anayefaidi yasipokuja. Wakati mwingine wanajuana. Mimi ningeanza na barua kwa mwenye wajibu.

Na kwa haki, niwageukie mawakili wenzangu. Sisi tunaosema juu ya bei za kupangwa, ada zetu zina kiwango cha chini kilichowekwa kisheria, na wakili akitoza chini ya hapo anahesabiwa amekosea. Tunasema ni kulinda ubora wa kazi. Wauza chuma nao wangesema hivyo. Sina amani kamili na jambo hilo na sitajifanya ninayo.

Mwisho mlitaka kujua njia. Kule Uingereza kazi imegawanywa: kuna wakili anayekaa na mteja kuandaa karatasi, na kuna mwingine anayesimama mbele ya jaji. Hapa kwetu ni mtu mmoja, unafanya yote. Unasoma digrii ya sheria miaka minne, unakwenda Kenya School of Law kule Karen, unakaa miezi sita chini ya wakili mzoefu, unafanya mitihani, ndipo Jaji Mkuu anakuapisha. Ni ghali. Wengi wa mitaa yetu wanaishia baada ya digrii kwa sababu ya karo ya Karen, na hilo ndilo pengo ambalo tungelichangia kama jamii tukiacha kuchangia harusi kupita kiasi. Ukishaapishwa, kesi za umma hazitalipa kodi ya nyumba. Za ushindani zinalipa, kwa sababu kampuni kubwa zinataka ruhusa ya kuungana na zinataka kujitetea. Mimi nimekula pande zote mbili, na asubuhi nyingine ilibidi nijiulize niko na nani. Ukiingia kazi hii, utajiuliza.

Utakaa sana na karatasi. Kesi ya kijiji cha Mitumba, pale karibu na Wilson Airport, ilianza 2011 watu walipopewa notisi ya siku saba na nyumba zikabomolewa huku kukiwa na amri ya korti. Walishinda Mahakama Kuu 2013, wakashindwa Mahakama ya Rufaa 2016, na Januari 2021 Mahakama ya Juu ikasema hata walio kwenye ardhi ya umma wana haki ya makazi inayolindwa. Karibu miaka kumi. Tingatinga zilipoingia Kibera Julai 2018 kupisha barabara, kesi hiyo ilikuwa bado inangoja.

Msichana mmoja Makina, amemaliza shule na hana kipande, alisubiri watu watoke ndipo akaniuliza. "Na karani akikataa kuandika, mimi naandika nini?" Nikamwambia, unaandika wewe. Andika tarehe, saa, dirisha namba ngapi, ulibeba nini, uliambiwa nini kwa maneno yake yale yale. Sema: naomba uamuzi wenu na sababu zake kwa maandishi, Kifungu cha 47. Sema pia: naomba kujua orodha kamili ya karatasi mnazotaka na ni sheria gani inazitaka, kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inawapa siku 21 kujibu. Toa kopi mbili. Moja waache nayo, ya pili wakugongee muhuri wa kupokea. Wakikataa kugonga, itume kwa rejista ya posta na utunze risiti.

Juzi amenitumia picha ya kopi yake. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Muhuri umegongwa vibaya, umekaa upande, lakini tarehe inasomeka, na tumeanza kuhesabu.